Kuanza na Linux: tazama kwanza programu zako, amri zitafuata

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi. Una HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, RAM GB 8. Windows 10 uliyonayo iliachwa na wenyewe Oktoba 14, 2025, Windows 11 inaikataa mashine yako, na jamaa wamekwambia "weka Linux" (mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows) halafu wakanyamaza. Unaogopa kupoteza mafaili ya chuo, na unaogopa ile skrini nyeusi ya kuandika amri.

Nitakujibu kama mtu wa stesheneri. Niko Morogoro, kazi yangu ni kuchapa, kuprinti na kuokoa flashi za wanachuo, na mashine zangu karibu zote zinatumia Linux Mint kwa miaka sasa. Wapo humu wanaojua seva na mitandao kuliko mimi, watakuja kuongezea. Mimi nakueleza yanayomkuta mtu wa kawaida.

Laptopu yako haina ubovu wowote. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, yako ni ya kizazi cha 6, basi. Kwa Linux mashine hiyo bado ni nzuri kabisa, na ikiwa ina SSD (diski ya kisasa yenye kasi) utasahau kama ni ya mwaka 2016. Kitu kimoja tu huenda usikipate, nacho ni kisoma alama za vidole. Mashine nyingi za aina hiyo kinakataa.

Sasa nisikilize hapa. Watu niliowawekea Linux wakarudi Windows, siyo amri zilizowashinda. Walirudi kwa sababu ya programu moja au mbili walizozizoea. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chukua karatasi uandike kila programu unayoitumia kwa mwezi mzima. Kivinjari hakina shida: Firefox na Chrome zote zipo. VLC ipo, Zoom ipo, Telegram ipo, WhatsApp utaifungua kwenye kivinjari. Photoshop na ndugu zake wa Adobe hawapo. Microsoft Office ya kusakinisha haipo, ingawa ile ya mtandaoni inafunguka kwenye kivinjari ukiwa na bando. Programu nyingi za uhasibu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Mimi mwenyewe nimebakiza mashine moja ya Windows dukani kwa sababu ya hesabu na wateja wanaoleta mafaili ya Publisher, na sioni aibu.

Kwa hiyo anza hivi: ukiwa bado ndani ya Windows hiyohiyo, sakinisha LibreOffice (programu za kuandika na majedwali, kama Microsoft Office) uifanyie kazi zako zote kwa wiki kadhaa. Ni bure, na ndiyo hiyohiyo utakayoikuta kwenye Linux. Ukiweza kuishi nayo, umeshavuka sehemu ngumu kuliko zote. Isipokufaa, umejua mapema bila kufuta kitu.

Hapo kwenye LibreOffice nikae kidogo, maana ndipo wanachuo wanapolia. Unafungua ripoti iliyoandikwa kwa Word, kurasa zinahama, ukurasa wa 40 unakuwa wa 42, jedwali limeruka. Mara nyingi kosa ni fonti. Kompyuta haina Times New Roman, inaweka nyingine badala yake. Linux huja na Liberation, fonti zilizopimwa upana sawasawa na Times New Roman na Arial ili mistari isihame. Calibri nayo ina pacha wake anaitwa Carlito, na Cambria ana Caladea. Ukitaka zile halisi za Microsoft kuna kifurushi kinaitwa ttf-mscorefonts-installer, kinaleta Times New Roman na Arial lakini Calibri hakileti. Na kama kazi inakwenda kuprintiwa kwa mtu mwingine, mpelekee PDF. Hili nawaambia hata wenye Windows.

Linux ipi? Utaambiwa majina ishirini. Chukua Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine maarufu, kwa hiyo msaada wowote ulioandikwa kwa ajili ya Ubuntu karibu wote unakufaa, na sura yake mtu wa Windows haimpotezi: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Kwa RAM yako ya GB 8 chukua toleo la Cinnamon. Mwenye GB 4 au chini yake achukue Xfce, toleo jepesi. Matoleo ya familia ya 22 yanapata masasisho ya usalama hadi 2029. Ubuntu yenyewe pia ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila Kali Linux acha. Najua vijana wanaipenda kwa sababu ya mambo ya udukuzi, lakini hata watengenezaji wake wanasema wazi kwamba haimfai mtu asiyeijua Linux.

Faili la kupakua, lile linaloishia na .iso, linakaribia GB 3. Kama mtandao wako unakatikakatika tumia torrent, ili ukikatika uendelee ulipoishia, bando lisiende bure. Pakua kutoka tovuti ya Mint yenyewe, halafu hakiki. Watu huruka hatua hii, lakini Februari 2016 tovuti hiyohiyo iliingiliwa na wahuni wakaelekeza watu kwenye faili lenye mlango wa siri. Ndani ya Windows fungua Command Prompt, nenda kwenye folda lilipo faili, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`. Utapewa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Ukitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Pakua Rufus, programu ya kuandika .iso kwenye flashi, ichague flashi, lichague faili la .iso, bonyeza kuanza. Kisha zima laptopu, iwashe huku unagongagonga Esc au F9 (hiyo ni kwa HP, Dell na Lenovo nyingi ni F12), uchague flashi.

Itawaka Linux nzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Usikimbilie kubonyeza kile kialama cha kusakinisha. Ichezee. Itakuwa nzito kidogo na ukizima haikumbuki kitu, hiyo ni kawaida kwa sababu inaishi kwenye flashi. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, funga kifuniko uone kama inalala na kuamka. Chomeka printa yako. Nyingi za HP zinashika, na yoyote inayokubali AirPrint (uchapishaji wa Apple usiohitaji draiva) kwa kawaida inajitambulisha yenyewe. Zile za leza za bei rahisi ndizo za kuangalia, ujue mapema.

Wi-Fi ikikataa usikate tamaa. Chipu za Broadcom zinajulikana kwa hilo, zinataka draiva ya ziada (programu ndogo inayoendesha kifaa), na draiva iko kwenye intaneti ambayo huna. Njia ni simu: ichomeke kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux inaiona simu kama waya wa mtandao papo hapo, bila draiva yoyote. Kisha fungua Driver Manager ikutafutie ya Wi-Fi.

Ukiridhika ndipo usakinishe. Nakala ya mafaili yako kwanza, kwenye diski ya nje, siyo kwenye patisheni ya D ya diski hiyohiyo. Diski ni moja; D ikifutwa, imefutwa. Kama utaweka Linux kando ya Windows, yapo mambo matatu ya kufanya ukiwa bado Windows. Zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, la sivyo Windows ukiizima haizimi kabisa, inaacha diski imefungwa na Linux itakataa kuandika humo. Angalia kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa msimbo) imewashwa, izime, usubiri imalize kufungua diski. Tatu, tumia Disk Management ya Windows yenyewe kupunguza C, uache hata GB 60 tupu. Ndipo uwashe kwa flashi, na kisakinishi kitakuuliza uweke kando ya Windows au ufute diski yote. Soma hapo polepole. Ndiyo hatua pekee isiyo na kurudi nyuma.

Na usishtuke ukirudi Windows ukakuta saa iko nyuma kwa saa tatu. Linux huhifadhi saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inadhani ni saa ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukiwa Linux fungua terminali (ndiyo ile skrini nyeusi), andika `timedatectl set-local-rtc 1`, yameisha.

Hiyo inatuleta kwenye skrini nyeusi. Mkuu, unaweza kukaa mwaka bila kuifungua. Programu unazipata kwenye Software Manager kama unavyozipata kwenye simu (na simu yako ya Android nayo ina kiini cha Linux ndani yake, kilekile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kwa hiyo mgeni huyu umelala naye siku nyingi). Lakini ukitaka kuonja, onja kwa kitu chenye faida. Andika `sudo apt update`, kisha `sudo apt install hunspell-sw`. Umeweka kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice, na insha zako hazitapigwa mistari myekundu kila neno.

Neno `sudo` linaomba mamlaka ya msimamizi wa mashine, kwa hiyo itakuomba nenosiri. Ukiandika utaona nyota tu, au usione kitu kabisa skrini ikakaa kimya, kutegemea Linux yako. Linaingia, maliza ubonyeze Enter. Wateja wangu wote wananipigia simu kwa hili. Kunakili na kubandika humo ni Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V, kwa sababu Ctrl+C pekee inasimamisha programu inayokimbia. Pia herufi kubwa na ndogo si sawa: Ripoti.docx na ripoti.docx ni mafaili mawili tofauti.

Ukiona ujumbe kwamba imeshindwa kupata lock (kufuli), maana yake programu ya masasisho inafanya kazi nyuma ya pazia. Kunywa chai, usifute faili lolote. Umeme ukikatika katikati ya masasisho na betri ya mtumba ikazima (unajua hali yetu), ukiwasha andika `sudo dpkg --configure -a` imalizie ilipoishia. Na amri yoyote uliyookota mtandaoni inayoanza na `sudo`, ielewe kwanza. Yenye `rm -rf`, inayofuta bila kuuliza, ielewe mara mbili.

Washa Timeshift siku ya kwanza. Inapiga picha ya mfumo, ukiuharibu unairudisha jana. Lakini haihifadhi mafaili yako binafsi, kwa hiyo diski ya nje bado unaihitaji.

Kilichonifanya mimi nihame ni flashi. Mwenye stesheneri yeyote ananielewa: mwanachuo analeta flashi, mafolda yote yamegeuka shortcut, ukibonyeza kimoja mashine yako imeshaambukizwa, na flashi hamsini zinazofuata zimeambukizwa na wewe. Kirusi hicho kwa kawaida hakifuti kitu. Kinayaficha mafolda, au kinayasukuma kwenye folda moja lisilo na jina, kisha kinaacha shortcut zake mlangoni. Linux haijali alama ya Windows inayosema faili hili lifichwe, kwa hiyo ukichomeka flashi kila kitu kinaonekana kama kilivyo. Nafuta shortcut, nafuta lile faili la .vbs (ndiyo programu ya kirusi chenyewe), navuta mafolda nje, namrudishia mtu kazi yake. Faili la .exe au .vbs ukilibonyeza kwa bahati mbaya, Mint iliyosakinishwa hivihivi haina cha kuliendeshea. Ila kumbuka kwamba wewe huugui lakini unaweza kubeba. Faili lenye kirusi ukilinakili kumpa mwenye Windows, umempa na kirusi chake.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama inaweza kuwa kwa Kiswahili. Juhudi zipo tangu zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, babu wa hii LibreOffice, kwa Kiswahili. Kwenye Mint utakuta baadhi ya menyu zimetafsiriwa na nyingine hazijaguswa. Ushauri wangu kwa anayeanza: acha Kiingereza mwanzoni, kwa sababu ukipata kosa utalinakili kama lilivyo na kulitafuta mtandaoni, na majibu yapo kwa maneno hayohayo.

Ukikwama rudi humuhumu. Fungua terminali, andika `inxi -Fxz`, nakili maandishi yote uyabandike hapa pamoja na maneno ya kosa lenyewe. Hiyo inatueleza prosesa, chipu ya Wi-Fi, kadi ya picha na draiva zinazotumika, na ile z inaficha namba za utambulisho wa mashine yako. Tafadhali maandishi, mkuu, siyo picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa upande na taa ya dari imemulika katikati.