Kufunua karata ambayo haikugawiwa: ulikosea au la?

Mkuu, unauliza kama ulikosea kwenye poka: ulikuwa na kopa nne, ukafunua karata ya juu ya deki (rundo la karata zilizobaki) kuona kama kopa ya kukamilisha tano ingekuja, jamaa akanuna. Kama raundi ilishaisha na hela ya mezani imeshavutwa, hukuvunja sheria ya poka yenyewe. Ila uligusa deki bila kuomba, ndiyo maana jamaa alinuna. Kasino nyingi haziruhusu kabisa, inachelewesha mchezo. Sisi tunaocheza poka ya hela ya soda hapa Njiro, Arusha, tunamuuliza aliyeshinda. Akikataa, karata zinachanganywa, basi. Na anayefunua ni mgawaji, si wewe. Lakini kama kuna mtu bado anafikiria alipe au atupe karata zake, usiguse kitu! Hapo umemharibia kila mtu.

Halafu hiyo karata haikufundishi lolote. Ukiwa na kopa nne na imebaki karata moja kugawiwa, kopa 9 ndizo zilizobaki kati ya karata 46 usizoziona (52 toa 2 za mkononi na 4 za mezani), yaani kama asilimia 20. Itoke isitoke, hesabu ni ileile. Mimi niliwahi kufunua nikaikuta kopa, nikacheza kwa hasira mpaka usiku wa manane. Bili ya nyama choma nikalipa mimi, watu wanne.