Klachi ya nguvu kwenye Mustang 5.0

SWALI: Nina Ford Mustang 5.0 ya 1990, gia tano za mkono. Injini imeongezewa nguvu na klachi ya kiwandani inateleza. Nimenunua ya inchi 10.5 yenye presha pleti (bamba la springi linalobana klachi) nzito. Niangalie nini ninapofunga?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Ndugu, anza na flaiwili, gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake. Injini za 5.0 za aina yako, tangu 1981, husawazishwa kwa uzani wa aunsi 50 kwenye flaiwili. Za kabla ya hapo, zilizoitwa 302 (ujazo uleule kwa inchi), ni aunsi 28. Ukipachika ya aunsi 28, gari zima litatetemeka na beringi za injini zitaumia, hata klachi iwe ya bei gani. Iliyopo ikiwa sahihi, ipeleke ikasagwe uso. Ikiwa na nyufa, badilisha. Matundu ya boliti zake yanapenya hadi kwenye oili, kwa hiyo paka silanti (gundi ya kuziba) kwenye nyuzi, kisha kaza boliti zote 6 kwa Nm 102 hadi 115.

Giaboksi ikiwa chini, weka paileti beringi (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) na rilizi beringi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali) mpya. Sili ya nyuma ya krenki ikivuja hata kidogo, ibadilishe: oili ikigusa klachi pleti (bamba la msuguano), gari litarukaruka kila ukiachia pedali. Maandishi kwenye pleti huonyesha upande unaotazama flaiwili. Ukiigeuza, klachi haitaachia.

Lenga pleti katikati kwa shafti ya plastiki ya meno 10. Kaza presha pleti kwa kuvukana, kidogo kidogo, kifuniko kisipinde. Giaboksi ishikwe na jeki muda wote. Isining'inie kwenye pleti, wala usiivute kwa boliti ikigoma kuingia. Hapo ndipo pleti nyingi mpya hupinda hata kabla gari halijawashwa.

Kwadranti (kipande chenye meno kinachovuta kebo ya klachi) ya plastiki inayojirekebisha kwenye pedali haitahimili presha hii. Funga ya aluminiamu pamoja na kirekebishi cha kebo. Kebo ikikazwa mno, rilizi beringi itabonyeza presha pleti muda wote na klachi mpya itateleza. Ikilegea mno, gia zitakwaruza.

Kilomita 800 za kwanza endesha mjini, kwa kusimama na kuondoka, bila kuiachia klachi kwa ghafla. Hata baadaye uwe mwangalifu: T-5, yaani giaboksi yako, ilipimwa kuhimili msokoto wa takriban Nm 407, na klachi isipoteleza tena, nguvu yote inafika kwenye meno ya gia.