Daktari wa familia na pengo la afya

Umeuliza kama madaktari wa familia nchini Uingereza wanaweza kweli kupunguza pengo la afya linalozikabili jamii za wachache, au kama chanzo chake ni umaskini na makazi duni, mambo yasiyo mikononi mwao. Nadhani wanaweza kuliko inavyodhaniwa, ingawa Julian Tudor Hart, aliyekuwa daktari wa aina hiyo huko Wales, alionya tangu mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kuwa adimu pale pale inapohitajika zaidi.

Jambo la kwanza ni usajili kwa daktari wa familia. Katika England mtu halazimiki kuonyesha kitambulisho, uthibitisho wa anwani wala hati ya uhamiaji ili asajiliwe, lakini wapo wanaorudishwa kutoka mapokezi kwa kukosa karatasi hizo hizo. Kosa hilo, kwa kweli, linarekebishika bila bajeti mpya. Kisha kuna vipimo: miongozo ya NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba huko England, huhesabu kwamba hatari ya kisukari kwa watu wenye asili ya Asia au Afrika huanza kupanda uwiano wa uzito na urefu (BMI) unapofika 23, badala ya 25 ya watu wengine, hivyo daktari anayetumia kigezo kimoja kwa wote atachelewa kuwagundua wengi. Mkalimani naye awe aliyefunzwa, asiyemtoza mgonjwa chochote, wala mtoto asitwishwe kazi ya kutafsiri ugonjwa wa mama yake.