Douglas Adams: kriketi imeingiaje kwenye kitabu cha tatu?

Mkuu, umeuliza kwa nini Life, the Universe and Everything, kitabu cha tatu cha mfululizo wa Hitchhiker's Guide to the Galaxy wa mwandishi Mwingereza Douglas Adams, imejaa kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira, na inasomeka kama hadithi ya watu wengine. Hujakosea, ni ya watu wengine kweli.

Viwili vya kwanza vilitoka redioni, kwenye mchezo wa kuigiza ulioanza kurushwa na BBC Machi 1978. Hiki cha 1982 kimetokana na andiko ambalo Adams alilikusudia kwa Doctor Who, kile kipindi cha televisheni cha msafiri wa nyakati. Likakataliwa. Akalifufua, ila shujaa wa kipindi kile, anayeitwa Daktari, hakuhama nalo. Wamebaki wahusika wake wa siku zote, Arthur anayewaza chai na Ford anayewaza kinywaji. Nani ataokoa ulimwengu hapo? Mzigo kabebeshwa mzee Slartibartfast, naye anawaburuta kama mbuzi wa mnadani.

Mimi nakala yangu niliipata Dodoma, kwa muuza vitabu vya mtumba jirani na Jamatini, jalada hamna. Kriketi sikuijua hata chembe. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri ndiye aliyenifungua macho. Alichomeka njiti tatu za kiberiti kwenye kipande cha sabuni ya mche, akavunja nyingine na kulaza vipande viwili juu. "Hii ndiyo wiketi, kijana. Mpira ukiviangusha hivi vya juu, umetoka."

Vipande vitano! Ndivyo wanavyovisaka maroboti wa Krikkit kitabu kizima, maana vikiungana ni ufunguo wa sayari yao hiyo. Kimoja ni majivu, na majivu yenyewe yapo: mwaka 1882 Uingereza ilifungwa na Australia jijini London, gazeti likatania kwamba kriketi ya Kiingereza imekufa, itachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Adams kaongeza chumvi tu.

Patamu kuliko pote, kwangu, ni pale watu wa Krikkit, waliozaliwa ndani ya wingu la vumbi bila kuona hata nyota moja, wanapotoka nje mara ya kwanza. Wanautazama ulimwengu, wanaamua hauna budi kuondolewa. Nilipasoma umeme umekatika. Nikatoka uani, vumbi la Dodoma mnalijua, lakini usiku ule lilikuwa limetulia na nyota zimejaa hadi kero. Nikacheka peke yangu, nikarudi kwenye tochi ya simu.

Ukirudia kukisoma, kila Slartibartfast akifungua mdomo, msikie Daktari.