Muulize Bwana Shamba: Mlimau uliopukutika majani wakati wa theluji

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Minneapolis, Marekani. Nina mlimau wa aina ya Meyer kwenye chungu, ambao mwezi wa Oktoba niliuingiza katika kibaraza kilichozungushiwa vioo, upande wa kusini wa nyumba. Kibaraza hicho hakina hita, ila hakifiki kuganda. Mti ulikaa vizuri hadi Februari, jua lilipoanza kuwaka juu ya theluji. Ndani ya siku kumi majani karibu yote yalidondoka yakiwa bado mabichi, na malimau manne yakabaki yananing'inia kwenye vijiti vitupu. Nimezidisha maji na kuweka mbolea, lakini sijaona nafuu. Je, nikubali kwamba umekufa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiutupe. Kwaruza kwa ukucha ganda la kitawi kimoja; ukiona kijani chini yake, mti uko hai. Kinachoweza kuumaliza kuanzia sasa ni hayo maji ya huruma unayoumwagia.

Mizizi ya jamii ya michungwa karibu isimame kabisa kufanya kazi pale udongo unaposhuka chini ya nyuzijoto 13 hivi, yaani 55 kwa kipimo kinachotumika huko Marekani. Katika kibaraza chako udongo wa chungu ulikuwa na baridi usiku na mchana, kwa kuwa chungu kinakaa sakafuni na ubaridi unapanda kutoka chini. Wakati wa Desemba, siku zikiwa fupi na jua likiwa dhaifu, jambo hilo halikuleta madhara, kwa sababu majani nayo yalikuwa yametulia na hayakudai maji mengi. Februari ilipofika, jua lilipenya vioo, likaongezewa nguvu na mng'ao wa theluji, na majani yakapata joto na kuanza kupoteza maji kana kwamba yapo Muheza, ilhali mizizi chini yao ilikuwa bado imelala. Jani linalodai maji na kunyimwa hukatwa na mti wenyewe, ndiyo maana yalianguka mabichi badala ya kukauka yakiwa tawini. Ukitazama juu juu utadhani ni kiu, na kweli ni kiu, lakini ni kiu ambayo maji hayawezi kuitibu, kwa kuwa mizizi iliyolala haiyanyonyi. Yanabaki chunguni, yanafukuza hewa, na mizizi inaanza kuoza.

Kwa hiyo, acha kumwagilia mpaka udongo ukauke kiasi cha kina cha vidole viwili au vitatu, na usiweke mbolea yoyote kabla ya kuona machipukizi. Inua chungu kutoka sakafuni kwa kukiweka juu ya vipande vya mbao. Tundika pazia jepesi lipunguze jua la adhuhuri. Nunua pia kipimajoto cha kuchomeka kwenye udongo, kwa sababu joto la hewa ya kibarazani halikuelezi hali ya mizizi hata kidogo. Malimau yale manne yachume uyatumie. Mti usio na majani haufai kubebeshwa mzigo wa matunda. Machipukizi yakitokea, angalia yanatokea wapi. Miche mingi inayouzwa huko imebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, na aina inayopendwa kwa kazi hiyo ina jani lililogawanyika katika vijani vitatu. Chipukizi lenye majani ya namna hiyo, likitokea chini ya kovu la kubebeshea, lipogoe mara moja, la sivyo litaumeza mlimau wako.

Msimu ujao itakubidi uchague moja kati ya njia mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kutaka kuzichanganya. Njia ya kwanza ni ubaridi pamoja na mwanga hafifu: chumba chenye nyuzijoto kati ya 5 na 10, mbali na jua kali, maji kidogo mno, mti ukalala miezi yote ya baridi. Njia hii ni kongwe. Jengo la kuhifadhia michungwa la kasri la Versailles nchini Ufaransa, lililojengwa kati ya 1684 na 1686 kwa usanifu wa Jules Hardouin-Mansart, hutegemea kuta nene na madirisha yanayoelekea kusini, na hadi leo miti iliyomo kwenye masanduku ya mbao hutolewa nje Mei na kurudishwa Oktoba. Njia ya pili ni joto pamoja na mwanga mwingi: sebule yenye nyuzijoto 18 hadi 22 na taa ya kuoteshea mimea inayowaka saa 12 kwa siku. Dirisha peke yake halitoshi huko kwenu, ambako siku ya Desemba haifiki saa 9 za mwanga. Wewe uliupa mti ubaridi mizizini na mwanga mkali majanini, mchanganyiko mbaya kuliko yote.

Mimi kwa nyumba yako ningechagua sebule. Tahadhari yake ni hewa iliyokaushwa na hita, ambayo huwafurahisha utitiri. Ukiona vidoadoa vya rangi ya majivu kwenye majani na utando mwembamba chini yake, ingiza mti bafuni uuoshe kwa maji ya bomba la mvua, hasa upande wa chini wa majani, na urudie kila baada ya siku chache. Nje usiutoe kabla usiku haujazoea kuwa na nyuzijoto 10, na juma la kwanza ukae kivulini, kwa sababu majani yaliyokulia ndani huungua juani.

Umechagua aina nzuri, hata hivyo. Meyer inaaminika kuwa ni mseto wa limau na jamii ya machungwa, nayo huvumilia baridi kuliko malimau ya kawaida. Ililetwa Marekani kutoka China mwaka 1908 na Frank Meyer, aliyekuwa akitafuta mimea kwa ajili ya wizara ya kilimo, na huko China tayari ilikuwa mti wa chunguni.

SWALI: Nipo Leeds, Uingereza. Miaka saba iliyopita nilipanda mbegu ya ndimu niliyokula Tanga. Mti una miiba mirefu na afya njema, na kila vuli naukata kilele kwa sababu unagusa dari, lakini haujawahi kutoa ua. Je, nikienda likizo nirudi na kitawi cha kubebesha?

JIBU: Kitawi usilete, ndugu yangu. Uingereza hairuhusu mimea ya jamii ya michungwa kuingizwa kutoka Afrika Mashariki, na katazo hilo si ukorofi wa maofisa wa forodha: ugonjwa unaoyapa majani rangi ya manjano na kuharibu matunda husafiri ndani ya vitawi vya kubebeshea, na ndio uliobomoa kilimo cha machungwa cha Florida baada ya kugunduliwa huko mwaka 2005.

Kosa lako ni mkasi. Mbegu ya ndimu kwa kawaida hutoa mche unaofanana na mama yake, kwa hiyo hukupanda mti wa mwituni. Lakini mche wa mbegu una utoto wake, ambao hauhesabiwi kwa miaka pekee. Sehemu inayokomaa kwanza hadi kuweza kuchanua ni ile ya juu kabisa, nawe kila vuli unaikata na kuurudisha mti utotoni. Punguza matawi ya pembeni tu, kilele ukikunje taratibu na kukifunga kwenye kijiti kifuate upana wa dirisha. Ongeza na taa. Wala usijaribu njia ya ubaridi niliyomweleza dada wa Minneapolis, kwani mndimu ni miongoni mwa miti inayodhurika upesi zaidi katika jamii hii. Usiuache chini ya nyuzijoto 10. Kama hamu yako ni ndimu za achari mwaka ujao, nunua mche uliobebeshwa kwa muuzaji wa huko huko.

SWALI: Huku Limuru, Julai, lazima niingize mlimau wangu ndani?

JIBU: Hapana. Uegemeze kwenye ukuta unaopata jua la alasiri, na usiku ukitarajia jalidi ufunike kwa gunia, ulitoe asubuhi.