Barua kwa mwanangu: William sio jina la Biblia

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, ile ya "baba hivi William ni jina la kwenye Biblia kweli, maana jamaa wa kazini kaniambia ni la Kijerumani, la Kaiser yule, mfalme wa Ujerumani wa enzi za ukoloni, sasa mtoto akija wa kiume tumpe jina la babu au tuachane nalo?" Nikaona haya sio mambo ya kujibu kwa voisi ya dakika moja, ngoja niandike.

La Biblia sio. Soma Mwanzo mpaka Ufunuo humkuti William hata wa dawa. Watakatifu wa jina hilo wapo ila wamekuja karne nyingi baadae, mmoja wao alikuwa ndugu wa ukoo wa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, jemadari kabisa, akapigana vita kusini mwa Ufaransa weee mwisho akajenga monasteri pale Gellone mwaka 804 na akaishia humo humo mtawa.

Huyo jamaa yako kwenye Ujerumani yuko sawa ila kwenye Kaiser kachanganya, jina lina umri mkubwa kuliko Kaiser yeyote. Makabila ya Kijerumani ya kale yalikuwa yanaunga vipande viwili kupata jina, hapa kimoja ni nia (wil) na kingine ni kofia ya vita (helm). Usitafute sentensi humo ndani, mara nyingi walikuwa wanachukua kipande huku na kipande kule kwenye majina ya ukoo basi.

Lilivyosambaa sasa, hapo ndio patamu. Wanormani walikuwa watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini mwa Ufaransa, wakaokota lugha ya pale na majina ya pale, na mtawala wao William mwaka 1066 akavuka bahari akampiga mfalme Harold pale Hastings akajitwalia Uingereza nzima. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wanaitwa Leofric, Wulfstan, Godwin, majina mazuri tu ya kwao, lakini vizazi vichache mbele yamekwisha, kila mtu anataka mwanae aitwe kama bwana mkubwa! Edward ndio lilipona maana lilikuwa la mfalme mtakatifu. Kuna abati mmoja, yaani mkuu wa monasteri, wa enzi hizo, Robert wa Torigni, kaandika kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1170 kulikuwa na sikukuu ya Krismasi kwa mfalme kijana Henry huko Normandy, mabwana wawili wenye jina la William wakafukuza ukumbini kila asiyeitwa William, na bado wakabaki askari wa farasi zaidi ya 100 wanakula. William watupu! Na hao kina Wilson, Williams na Wilkinson unaowasikia wote asili yao ni huko huko.

Kwingine kila mtu kalivaa kivyake, Mjerumani Wilhelm, Mfaransa Guillaume, Mhispania Guillermo, Mwitaliano Guglielmo, Mholanzi Willem, na Waayalandi wakalikata wakabaki na Liam ambalo siku hizi Marekani ndio habari ya mjini.

Kwetu lilikuja na mambo mawili kwa pamoja, bendera na ubatizo. Bendera ndio huyo Kaiser Wilhelm, Hans Meyer na Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 wakakiita kwa jina lake, na hapa hapa kwetu Lushoto Wajerumani walipaita Wilhelmstal, waulize wazee. Kilele kikaitwa Uhuru 1961 na ilikuwa haki kabisa, mlima haukuulizwa na mtu.

Babu yako lakini hakupewa la Kaiser. Alipewa la mchungaji wa Kilutheri aliyembatiza, mzungu mmoja ambaye baba yake babu alikuwa anamheshimu sana, yaani ni kama wale Waingereza tu, unamchukulia mwanao jina la mtu unayemuona mkubwa. Cheti cha ubatizo kiliandikwa Wilhelm, kufika shule ya Mwingereza mwalimu akaandika William, na mzee akawa anaitika yote mawili bila shida. Mzee Mkapa mwenyewe alikuwa Benjamin William na sijawahi kusikia mtu akimtajia Kaiser.

Kwa hiyo mimi nasema mpeni. Ila mtoto awe na la Kisambaa pia, na hilo usichague mwenyewe, mpigie shangazi yako mapema kabla mkwe hajajifungua maana ukimwambia mwishoni atanuna mwaka mzima. Na mkianza kumkatisha mjukuu wangu awe Liam, mimi nitamuita William tu mpaka aitike.

Msalimie sana mkwe.

Baba