"I used to" na "I am used to" zinanichanganya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita nilienda intavyuu ya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huku Arusha, wakaniuliza kama naweza shifti ya usiku, nikajibu kwa kujiamini kabisa "I used to work at night" nikimaanisha nimezoea, maana hata hapa nilipo sasa usiku ndo zamu yangu. Yule mama akaniuliza, sasa uliacha kwa nini? Nikabaki namkodolea macho. Kazi sikupata, na tangu siku hiyo haya maneno yananinyima raha. Alhamisi nina intavyuu nyingine, naomba unieleweshe. Msomaji, Arusha.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Swali la yule mama ndo somo lenyewe, kwasababu alichosikia yeye ni "zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, siku hizi sifanyi", sasa lazima aulize uliacha kwa nini. "I used to" ina mlango uliofungwa ndani yake, ni kitu kilikuwepo na kimeisha. "I used to live in Mbeya", nilikuwa naishi Mbeya, sasa siishi tena.

Ulichotaka kusema ni nimezoea, na hapo lazima uweke "am" mbele: "I am used to working at night." Umeona na "work" imegeuka "working"? Hapa watu wengi sana wanaanguka, hata waliosoma. Hiyo "to" ya kwenye kuzoea inataka jina la kitu baada yake, kama unavyosema "I am used to the cold", nimezoea baridi, kwahiyo kitendo nacho kinabidi kivae "-ing" ili kikae kama jina. Ukiwa bado unazoea, yani hujafika lakini unaenda, sema "I am getting used to it."

Mimi nakushauri uanzie kwenye Kiswahili chako, maana sisi tuna maneno mawili tofauti kabisa, nilikuwa na nimezoea, hayagombani. Ila angalia "nilikuwa" nayo ina mtego wake. "Jana saa mbili usiku nilikuwa napika" sio "used to", hiyo ni "I was cooking", jambo la dakika ile tu. Jaribu kuweka neno zamani mbele ya sentensi, zamani nilikuwa napika maandazi ya kuuza, ikikubali na maana yako ikabaki palepale basi "used to" inakaa.

Na ile "hu-" yetu, mimi huamka saa kumi na moja, usiitafsiri "I use to wake up". Hiyo haipo siku hizi, sema tu "I usually wake up at five". Zamani ilikuwepo kweli, Biblia ya King James ya mwaka 1611, Zaburi 119:132, inasema "as thou usest to do", yani kama ilivyo kawaida yako kufanya, lakini wakati uliopo ukafa ukabaki uliopita peke yake. Napenda sana kuwaambia wanafunzi hili kwasababu linaonyesha kosa lao sio ujinga, wanatafuta kitu ambacho lugha yenyewe ilikuwa nacho ikakiacha.

Matamshi: "used" ya kutumia ni "yuzd", hizi zetu zote mbili ni "yust", na ile d inamezwa, unasikia "yustu". Ndo maana watu wanaandika "use to". Usiandike hivyo, isipokuwa kukiwa na "did" mbele, "Did you use to work here?", hapo did imeshabeba wakati uliopita.

Halafu "usinizoee" ya mtaani usiipeleke huku hata kidogo. "Don't get used to me" Mzungu ataelewa kwamba unakaribia kuondoka.

Alhamisi wakikuuliza shifti ya usiku jibu "Yes, I am used to working nights, I do it now." Hicho kipande cha mwisho usikiache, hata ulimi ukiteleza kwenye "am" kitakuokoa. Isome kwa sauti mara ishirini leo jioni, kesho tena, halafu tuandikie ilikuwaje.